Muhogo hauijui almanaki ya chuo

Wiki iliyopita nilizitoa chini ya kitanda kaunta buku zangu za utafiti, sita za kwaya tatu na moja ya kwaya mbili, nikakaa sebuleni na kalamu nyekundu kuhesabu miezi. Kisa ni swali. Kijana mmoja aliyeajiriwa juzijuzi idarani kwetu, naye anajiandaa kuanza uzamivu, yaani shahada ya udaktari, aliniuliza tukiwa kantini: "Samahani Dokta, hivi ile miaka saba yako ilikwendaje? Kaka yule wa hisabati si alimaliza kwa minne?"

Nikamjibu kwa utani kwamba kaka yule anafanya utafiti kwa penseli. Tukacheka, tukamaliza chai. Lakini kwenye daladala swali likaanza kunila, maana nyuma yake kulikuwa na swali lingine ambalo adabu ilimzuia kulitamka: kwani wewe ulikuwa mzito?

Basi hesabu ni hii. Tangu nilipojisajili Oktoba 2008 hadi jina langu lilipopitishwa na seneti Desemba 2015 ni miezi 86. Kila mwezi nimeuandikia ile kazi iliyonibana zaidi. Miezi 13 nilisubiri andiko langu la utafiti lipite idarani, kisha kwenye ndaki, kisha kurugenzi, kisha kwa watoa vibali. Miezi 36 muhogo ulikuwa ardhini. Miezi 10 nilikuwa maabara. Miezi 3 nilijifungua. Miezi 9 niliandika. Miezi 14 tasnifu ilikuwa mikononi mwa watahini, halafu masahihisho, halafu vikao. Jumla 85. Mwezi mmoja sikuuona hata nilipofunua kurasa mara ya pili. Nadhani ndio ule tuliohama nyumba.

Nikaitazama ile karatasi kwa muda. Miezi ambayo akili yangu ndiyo iliyokuwa ikikimbia au ikijikokota, yaani maabara na kuandika, ni 19 tu. Mingine yote nilikuwa nasubiri kitu: mmea, karatasi, mtoto, mtu.

Nianze na mmea, maana ndio uliokula sehemu kubwa. Nilisomea ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Mtu wa Pwani anaujua hata kama hajui jina lake la kitabuni. Unanunua mihogo sokoni, kwa nje mizuri kabisa, unafika nyumbani, unamenya, unakata, unakuta ndani madoa makavu ya kahawia kama kuni iliyooza. Unatupa nusu ya ulichonunua, jioni futari haitoshi. Batobato, ugonjwa mwenzake, haujifichi: majani hujikunja na kuwa na mabaka mapema, hata mpita njia huona. Michirizi ina siri. Shamba linaweza kuwa la kijani, majani yananesa, mkulima anasimama pembeni ana furaha, kumbe chini hakuna kitu.

Kwa hiyo ukitaka kujua aina fulani ya muhogo inauvumilia ugonjwa kiasi gani, hakuna njia ya mkato. Unapanda pingili. Unasubiri miezi kumi na miwili. Unang'oa. Unakata muhogo mmoja mmoja vipande vipande na kuupa alama, 1 kwa ulio safi hadi 5 kwa ulioharibika kabisa. Kazi hiyo ya kukata, ukiwa na vijana wanne wenye visu vizuri, unaimaliza kwa siku mbili kwa shamba moja. Siku mbili hizo ndizo mwaka mzima. Na msimu mmoja haukubaliki, kwa sababu mvua za mwaka huu si za mwaka ujao na nzi weupe wanaoeneza virusi hawaji kwa wingi uleule kila mwaka. Unahitaji misimu miwili walau, tena sehemu zaidi ya moja. Hapo miezi 24 imeshaondoka kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya matokeo, na ni kama Mungu akijalia.

Msimu wangu wa kwanza hakujalia. Nilipanda vuli ya 2009 katika shamba la mzee mmoja huko Mkuranga, aina kumi na mbili, kila tuta lina kibao chake cha bati chenye namba. Ramadhani ya mwaka uliofuata iliangukia Agosti. Wanaojua biashara ya muhogo wa futari wameshaelewa. Siku moja asubuhi mzee alinipigia simu, na kwa jinsi alivyoanza kuniuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mama mkwe, ya kazi, nikajua kuna jambo.

"Bibi shamba," akasema mwishowe, "wamekuja usiku. Wameng'oa. Ila vibao vyenu wameviacha."

Nilikwenda siku ileile. Kweli, vibao vilikuwepo, vimesimama mstari kama makaburi ya watu wafupi. Walichoacha ni aina mbili chungu, kwa hiyo wezi walikuwa wataalamu kuliko mimi. Mzee alikuwa na aibu hata hakutaka kukaa. Akaniambia, "Tusamehe mwanangu. Mtu ana watoto, muhogo uko pale hauna mlinzi, atajuaje kwamba ni shule?" Sikuwa na la kumjibu. Msimamizi wangu nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi utapanda tena Novemba." Ilikuwa katikati ya Agosti. Kwenye fani nyingine, kosa la usiku mmoja hugharimu usiku mmoja. Kwenye yangu liligharimu mwaka.

Ili kunipoza, msimamizi alinipa bahasha ya nakala za karatasi za zamani kutoka Amani. Ukiwahi kwenda Usambara Mashariki utaona lile jengo na ile misitu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, Waingereza wakakiendeleza, na mwaka 1936 H. H. Storey aliandika kutoka Amani maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu wangu. Wakati uleule kazi ya kuzalisha muhogo wenye ukinzani ilikuwa imeshaanza. Waliuchavusha muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini, mmojawapo ni mti unaotoa mpira, wakawachavusha watoto tena na muhogo, wakachagua, wakachavusha tena. Kila kizazi lazima kikue, king'olewe, kikatwe, kihukumiwe. Kazi hiyo ilikwenda hadi miaka ya 1950. Muhogo ambao kwetu unaitwa Namikonga na wenzetu wa pwani ya Kenya wanauita Kaleso wataalamu wanaufuatilia hadi kwenye mashamba ya Amani, na wazalishaji wa mbegu wa leo bado wanautumia kama mzazi. Miaka ishirini. Sasa nenda kurugenzi ya uzamili ukawaambie kwamba swali lako linahitaji miaka ishirini. Watakupa fomu ya kujiondoa, nakala tatu.

Ninachotaka kusema ni kwamba saa ya kwanza ya udaktari wowote imeshikwa na kile kitu unachokisoma, na vitu havilingani. Hata ndani ya kile tunachokiita kwa jumla biolojia, tofauti ni kubwa. Nilikuwa na shoga aliyefanya kazi ya mbu kule Ifakara. Katika joto lile, yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki mbili au pungufu. Wakati muhogo wangu unasogea kutoka pingili hadi kisu, yeye ameshaona vizazi ishirini na zaidi. Akikosea jaribio Jumatatu, anaomboleza hadi Jumatano, anatega upya. Nilimwonea wivu hadi siku nilipomtembelea nikakuta anaamka saa tisa za usiku kuhesabu mbu kwenye mitego, kila usiku, miezi na miezi. Pale Nairobi, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wameendesha mpango wao wa uzamivu wa sayansi ya wadudu tangu 1983, na wanauendesha kwa miaka mitatu. Kwa wadudu inawezekana. Kwa mnazi, ambao mara nyingi unahitaji zaidi ya miaka mitano kabla hujaona dafu la kwanza, jaribu.

Na viumbe wa upande wa pili wa nchi? Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mkoani Kigoma mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1962 akapokelewa Cambridge kusomea udaktari bila hata kuwa na shahada ya kwanza. Aliupata katikati ya muongo uleule. Sokwe jike huzaa takribani kila baada ya miaka mitano na anaweza kuishi miongo minne au mitano. Kama Goodall angesubiri kuona maisha ya sokwe mmoja kutoka kuzaliwa hadi kufa ndipo aandike, angevaa joho akiwa bibi kizee. Alikata kipande alichokiona, akakikabidhi, na Gombe ikaendelea kuchunguzwa miaka sitini baada ya hapo. Nilichukua muda kuelewa hilo: tasnifu ni kipande kinachokatwa kwenye kitu ambacho hakijaisha. Wengi wetu tunaokawia, tunakawia kwa sababu tunadhani tunatakiwa kukabidhi shamba zima.

Sasa nimrudie kaka wa hisabati, kwa sababu nilimtania na si haki. Ni kweli hana mvua ya kungoja. Tasnifu ya John Nash, ile iliyompa udaktari wa Princeton mwaka 1950, ina kurasa 28, na aliikabidhi miaka miwili tu baada ya kufika pale. Hakuna mtu wa muhogo atakayewahi kufanya hivyo. Jedwali langu moja la mvua za Mkuranga linajaza kurasa nne. Lakini kaka aliniambia jambo jioni moja tukisubiri basi la wafanyakazi. Mwaka wake wa pili aliamka, akafungua intaneti, akakuta mtu ambaye hajawahi kumwona, wa nchi ambayo hajawahi kufika, amethibitisha kile alichokuwa akihangaika nacho kwa miezi kumi na sita. Basi, kimekwisha. Jambo likithibitishwa mara moja limethibitishwa kwa wote, la Brazili ni la Dodoma. "Wewe dada," akasema, "muhogo wako ukiibiwa unapanda tena na bado ni wako. Mimi wangu ukiibiwa mwizi anapewa heshima."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mtu mwingine akisoma muhogo huko Msumbiji, wangu wa Mkuranga bado una kazi, tena atanitaja. Hisabati ni fupi, lakini ni kama kucheza bao na mtu usiyemwona. Kaka alianza swali jipya, akamaliza mwaka wa nne, na nywele zake za mbele hazikurudi.

Pia yuko dada wa Kiswahili, ambaye miaka yake ilikuwa tisa. Alikuwa akirekodi lahaja ya kijiji kimoja kisiwani, na kwa mwaka wa kwanza wazee walizungumza naye Kiswahili cha redioni, kwa heshima tu, kwa sababu ni mgeni na ana kinasa sauti. Maneno yenyewe yalianza kutoka alipoacha kuuliza na kuanza kusaidia kukuna nazi. Bibi mmoja aliyekuwa hazina yake alifariki kabla hawajamaliza. Hakuna kizazi kingine cha kuotesha hapo. Anayesema wale wa lugha wanachelewa kwa uvivu sina muda naye.

Hebu tutazame takwimu, kwa sababu zipo, ingawa si za kwetu. Marekani wamekuwa wakiwauliza wahitimu wote wa udaktari, kila mwaka tangu 1957, na mojawapo ya maswali ni muda. Wanahesabu tangu mtu alipoingia masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza. Ripoti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba mtu wa katikati kwenye fizikia, kemia na sayansi za dunia hutumia miaka sita na kidogo. Uhandisi na sayansi za viumbe, karibu saba. Wa fasihi, historia na lugha, tisa na ushee. Na wa elimu, yaani watu wanaosomea ualimu na uongozi wa shule, ni karibu kumi na miwili.

Mtu akiiona hiyo mara ya kwanza huona ajabu. Elimu ni ngumu mara mbili ya fizikia? Hapana. Mwanafizikia wa Marekani analipwa na mradi wa profesa wake kukaa maabara kila siku. Hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo kodi yake ya nyumba. Yule wa elimu mara nyingi ni mwalimu au mkuu wa shule, ana miaka arobaini, anafundisha mchana, anasoma usiku, na katikati kuna watoto. Jedwali lile linajidai kupanga fani, lakini ukilikuna kidogo chini yake unakuta linapanga watu kulingana na nani ananunua siku zao.

Hapo ndipo nilipojiona. Kwa fani mimi ni wa sayansi ya mimea, ningetakiwa kukaa kwenye ile safu ya miaka saba, na kweli nimekaa. Lakini nimefika pale kwa njia nyingine kabisa. Wao wanahesabu pamoja na miaka ya kozi ambayo mimi niliimaliza kwenye umahiri, yaani shahada ya pili, kabla sijajisajili. Ukiniongezea ile miaka miwili na nusu ya umahiri, nakaribia kumi, nawapita wale wa historia, nawasogelea walimu wakuu wa Ohio. Na kwa maisha, ndiyo, mimi ni mwenzao. Muda wote ule nilikuwa mhadhiri msaidizi. Nilifundisha kozi mbili kila muhula, moja ya wanafunzi mia nne, na mitihani ya mwisho wa muhula haikujali kama muhogo umefikisha miezi kumi na miwili. Kaunta buku ya tatu ina ukurasa ulioandikwa juu kabisa "Mkuranga, kung'oa" na chini yake hakuna kitu, kuna hesabu ya maksi za watu.

Wanaume waliokuwa pamoja nami walifundisha pia, sikatai. Kujifungua ni langu. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na mwajiri wangu alinipa bila ubishi. Lakini mimi nilikuwa watu wawili pale chuoni, mtumishi na mwanafunzi, na likizo ilikuwa ya mtumishi. Mwanafunzi, asipoandika barua ya kuahirisha masomo, saa yake inaendelea kutembea na ada ya kuongeza muda inamsubiri mlangoni. Sikuandika barua. Nilikuwa na mtoto wa wiki moja, hakuna aliyenikumbusha, nami nilikuwa na mambo mengine ya kukumbuka.

Kwamba fedha ndiyo inayokata muda, Waingereza walilionyesha waziwazi. Kwao hesabu ni miaka mitatu hadi minne, na si kwa sababu watoto wao wana akili ya ziada. Katika miaka ya 1980 mabaraza yanayolipia utafiti yalianza kuzibana idara ambazo wanafunzi wake hawakabidhi tasnifu ndani ya miaka minne: msipomaliza, hatuwaletei wengine. Idara zikaamka. Maswali yakawa madogo, wasimamizi wakaanza kusoma sura kwa wakati. Sweden wana njia yao ambayo mimi naipenda zaidi. Kule mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara na pensheni, masomo ni miaka minne kamili, na akifundisha, muda wa kufundisha unaongezwa juu. Watanzania wengi wa rika langu wamepitia mpango wao ule wa sandwichi, miezi kadhaa huku, miezi kadhaa kule. Mmoja wao aliniambia kwamba alichojifunza Uppsala zaidi ya takwimu ni kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa na kazi moja tu.

Kuna na njia ya amri. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka viwango vilivyomtaka mhadhiri awe na uzamivu, na walio na umahiri wakapewa hadi 2018 kujirekebisha. Nia ni njema. Lakini ukiwaambia maelfu ya watu wapite mlango mmoja kwa miaka michache, lazima utazame wanavyopita. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku uzamivu 118 kwa mahafali moja, nchi nzima ikashtuka, tume ikaenda kuchunguza. Silitaji hilo ili kuwacheka wahitimu, wapo waliokesha kama mimi. Nakumbuka tu mjadala wetu ofisini, tukijiuliza ni fani zipi zinaweza kuharakishwa kwa waraka na zipi haziwezi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano kabla na baada ya waraka.

Neno lenyewe, uzamivu, nashuku lilitungwa na mtu wa pwani. Mzamaji akiibuka watu hutazama mkononi ana nini. Sisi tunaulizwa tumekaa chini dakika ngapi. Mtaani, lakini, kuzamia ni kuingia kwenye harusi ya watu bila kadi, na kuanzia mwaka wa tano hiyo ndiyo maana niliyoishi nayo. Wenzangu wa darasa walishavuna na kuondoka. Kwenye vikao vya wanafunzi wapya niliulizwa kama mimi ndiye mwezeshaji.

Faraja yangu siku hizo ilikuwa mpiga gitaa. Brian May wa kundi la Queen, lile la Freddie Mercury mzaliwa wetu wa Zanzibar, alianza udaktari wa fizikia ya anga pale Imperial mwaka 1970, akauacha 1974 muziki ulipomchukua, akarudi na kuumaliza 2007. Alikuwa akisoma vumbi lililotanda kati ya sayari. Miaka thelathini na kitu, na kwa sababu watu wachache walikuwa wameligusa swali lake, kazi ya zamani bado ilisimama. Vumbi lilimsubiri. Mimi virusi havikunisubiri hata miaka miwili. Nilipoandika andiko langu tulisema virusi wa michirizi ni mmoja mwenye sura mbili, na kati ya 2009 na 2010, wakati wezi wangu wanajipanga, wataalamu wakaonyesha kwamba ni wawili tofauti. Vitendanishi nilivyokuwa nimeagiza vilimtafuta mmoja. Vipya vikakaa forodha uwanja wa ndege wiki tatu, barafu ikayeyuka, vikafika maabara vya moto kama chapati. Kwenye fani zinazokwenda kasi, anayekwenda polepole anarudishwa nyuma, na hiyo haimo kwenye jedwali la mtu yeyote.

Imebaki ile miezi 14 ya mwisho. Nimeiacha kwa sababu bado inaniuma, na kwa sababu haina fani. Wa muhogo, wa mbu, wa lahaja, wa penseli, wote tulipofika pale tulikaa benchi moja. Tasnifu inafungwa kwa waya, inapelekwa ofisi fulani, ofisi inamwandikia mtahini wa nje, mtahini wa nje anakubali kwa furaha, halafu kimya. Nilikuwa napita pale kila Ijumaa. Dada wa mapokezi alikuwa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijasalimia, na baadaye tukawa marafiki hadi akaja kwenye ubatizo wa mwanangu. Mwezi wa tisa ndipo ikagundulika kwamba mtahini mmoja alishatuma ripoti yake zamani, ikaingia kwenye barua pepe ya mtu aliyekuwa amehamishwa. Miezi mitano, kwenye sanduku la mtu ambaye yuko wilaya nyingine.

Siku ya utetezi waliniuliza maswali kwa saa mbili na nusu. Hakuna aliyeuliza kuhusu muda. Mtahini wa nje alitaka kujua kwa nini msimu mmoja haupo kwenye matokeo, nikasema "wizi," akaandika kitu, akageuza ukurasa.

Kijana wa kantini ameshasajiliwa sasa, na mimi ndiye msimamizi wake wa pili. Anasoma nzi weupe, kwa hiyo mzunguko wake ni wa wiki chache na nilimwambia ana bahati. Ameshaleta sura ya kwanza na ya pili, kazi safi, kijana anaandika. Jana kanitumia ujumbe: "Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu, naulizia tu kama umepata nafasi ya kupitia."

Nimeangalia tarehe. Sura zake ziko kwenye begi langu tangu wiki ya pili ya mwezi uliopita, kati ya mitihani ya muhula na daftari la mtoto. Kalamu nyekundu ninayo hapa mezani, ile niliyohesabia miezi yangu.